Jalada la Siri Lisiwe Hukumu



Kijana wa Izia akiomba kazi katika ofisi nyeti ya Serikali, hufanyiwa upekuzi. Huulizwa alizaliwa wapi, wazazi wake ni akina nani, aliwahi kushtakiwa kwa kosa gani. Majirani nao huulizwa habari zake. Hatupingi jambo hilo. Taifa lina haki ya kumjua anayekabidhiwa siri zake, na aliyeiba mali ya umma hastahili kupewa funguo za ghala. Tunachokipinga ni upekuzi unaogeuka hukumu: mtu kukataliwa kwa maneno asiyoyajua, yaliyosemwa na mtu asiyemjua, naye asiulizwe lolote. Msema pweke hakosi.

Katika pembe yetu hii ya nchi, swali la asili lina uzito wa pekee. Mpaka waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 uliwagawa Walungu na Wamambwe, wengine wakabaki upande wa Mbala, wengine upande wetu. Kijana wa Kasesya ambaye bibi yake alizaliwa Mbala ana kosa gani? Huko Katumba na Mishamo, makazi yaliyokuwa ndani ya Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, waliishi watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Serikali yenyewe iliridhia mwaka 2010 kuwapa uraia wakimbizi wa kundi hilo wapatao 162,000, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Ukimbizi wa baba si uhaini wa mwana.

Wala tusidhani kwamba wanyonge pekee ndio huguswa. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kuwa watu wanne si raia. Miongoni mwao walikuwamo mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, na Timothy Bandora, balozi wetu nchini Nigeria. Wazazi wao hawakubadilika kwa usiku mmoja. Ikiwa asili yao ilikuwa kikwazo, mbona walikabidhiwa madaraka hayo? Jalada linalolala miaka mingi na kuamka ghafla huwafanya wananchi washuku kwamba kinachopimwa si usalama bali utii.

Katiba haikunyamaza. Ibara ya 22 yampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Ibara ya 13 yasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo asikilizwe kwa ukamilifu na aweze kukata rufaa. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 haikuzifuta ibara hizo.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, anayekataliwa aelezwe sababu, hata kama jina la mtoa habari litafichwa. Pili, apimwe kwa matendo yake, si ya ukoo wake. Na kosa la ujana ambalo adhabu yake imekwisha lisimfuate hadi kaburini. Tatu, pawepo chombo huru cha rufaa.

Nanyi majirani, sikilizeni. Afisa akibisha hodi, semeni mnayoyajua, acheni mliyoyasikia. Ugomvi wa mpaka wa shamba usiingizwe katika jalada la mtoto wa mwenzenu. Neno la chuki lisemwalo kwa dakika moja laweza kumfungia mlango maisha yake yote, wala asijue kamwe nani aliufunga. Amri ya nane yatuhusu hata pale tunaposemea sirini.