Mazungumzo ya Mwezi: Madaftari Yaliyomo Masandukuni

Twatumaini ya kuwa baba na mama watalisoma gazeti hili dogo kwa sauti jioni, maana neno la mwezi huu lawahusu watu wa nyumba nzima.

Barua imetufikia kutoka kwa kijana wa hapa hapa Manyamanyama. Ameiandika kwa adabu, lakini maneno yake yachoma. Asema amesoma habari za Mombasa na Lamu na Unguja, jinsi miji hiyo ilivyo na washairi wake na waimbaji wake na wazee wake ambao hata mtoto mdogo awajua kwa majina, naye atuuliza, "Sisi tuna nani?" Kwa maoni yake mahali petu ni pa kushukia tu: mabasi ya Mwanza na Musoma husimama, watu hununua samaki na mihogo, kisha huenda zao, wala hapana aliyewahi kuuliza mji huu unafikiri nini.

Barua hiyo tuliisoma mara tatu. Tulitaka kumjibu kwa haraka ya kwamba yeye ni mtoto, hajui. Lakini kumwambia mtu kuwa hajui, na wewe mwenyewe hukumwambia, ni kumwonea. Basi twamjibu hapa mbele ya wote.

Mtu atokaye kwetu asubuhi aweza kushika njia mbili. Ya kwanza yaelekea machweo, Kibara hata Kisorya, ambako kivuko huvusha watu mpaka Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Ya pili ni barabara kuu ya Musoma. Akifika Makutano hukunja mkono wa kuume mpaka Butiama. Katika mwisho wa kila njia alikuwako mtu aliyekaa chini akaandika. Tuanze na yule wa kisiwani, maana wa Butiama twamjua sote, na huyu twamjua kidogo kuliko impasavyo.

Jina lake Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, mjukuu wa Mtemi Machunda wa Ukerewe. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, ambako alijifunza Kilatini na lugha nyingine za Ulaya. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura, wakakaa pamoja miaka mingi mno, wala hawakuachiwa mtoto aliye hai. Wasomaji wetu walio wazazi wajua maana ya neno hilo katika nchi zetu. Wajua pia maneno ambayo ndugu wa mume huyasema wakati wa jioni, mke akiwa jikoni anasikia.

Mwaka 1945 Kitereza alimaliza kuandika kitabu kikubwa kwa lugha yake ya Kikerewe. Ni habari za mume, Myombekere, na mkewe Bugonoka, ambao hawapati mtoto. Jamaa za mume wamsema yule mke. Wakwe waudhika, wamchukua binti yao kwao. Myombekere hakubali kumwacha. Afunga safari kwenda kuwaomba wakwe zake, atozwa pombe ya ndizi, ahangaika kuitafuta na kuipika, hata mwisho arudi na mkewe. Kisha watafuta dawa kwa mganga Kibuguma. Baadaye wapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali, na habari zaendelea mpaka uzee wao. Lakini si hayo tu. Kitereza hakutaka mambo ya wazee yapotee, basi akayaweka yote humo humo: jinsi mkwe anavyosalimiwa, jinsi pombe inavyopikwa toka ndizi mbichi hata mtungi kujaa, jinsi watu wanavyolima na kuvua, jinsi mgonjwa anavyoagulwa na maiti anavyoliliwa. Msomaji mwenye haraka aweza kuchoka. Sisi tulichoka mara ya kwanza. Mara ya pili tukaona kwamba mwandishi hakuwa akituchelewesha, alikuwa akitutembeza.

Haya, kitabu kikawaje? Padre Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers, ndiye aliyemtia moyo Kitereza, akauchukua muswada kwa nia ya kuutolea tafsiri ya Kifaransa. Padre akafa kabla ya kuimaliza kazi, na muswada ukalala. Lugha ya Kikerewe yasemwa na watu wa kisiwa kimoja na wa pwani chache za jirani; ni nani angelipia kuchapa kitabu kikubwa namna ile? Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliokuja kuchunguza historia ya kisiwa. Wakamshauri mzee akifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Naye alikuwa amepita miaka sabini, na viungo vyake vinauma. Akakubali. Neno kwa neno akakiandika tena kitabu chake chote katika lugha ya pili. Tanzania Publishing House ikakitoa kwa tarehe ya mwaka 1980. Mwaka 1981 Kitereza akafa kabla nakala hazijafika mkononi mwake.

Toka mwaka 1945 hata 1981 ni miaka thelathini na sita. Baadaye Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, aliyekuwa mwandishi naye, alikitia kitabu kile katika Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe, kikachapwa Dar es Salaam mwaka 2002. Na kisiwa hicho hicho ndicho kilichomzaa Euphrase Kezilahabi, mtungaji wa Rosa Mistika. Kisiwa kimoja, na waandishi watatu! Jamaa zao wakaa Bunda na Manyamanyama, wauza dagaa sokoni, nasi twauliza tuna nani.

Hapa hatuna budi kusema neno lituaibishalo sisi tunaoandika ukurasa huu. Zamani kidogo mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alituletea daftari la jalada la buluu. Ndani yake aliandika nyimbo za arusi alizozisikia kwa mama yake, na majina ya waganga wa mvua kwa kufuatana, na maana ya majina ya vilima. Tulilifungua, tukasema, "Vema sana, mzee. Tuachie nafasi ipatikane." Nafasi haikupatikana. Mwaka ule tulikuwa na habari za mikutano, na mashairi ya sikukuu, na tangazo hili na lile. Mzee akaja akalichukua daftari lake, hakusema neno baya. Alipokufa tukaenda kuomba tulione tena. Mchwa walikuwa wamekwisha kuingia sandukuni. Lililobaki ni jalada na kurasa nne za katikati, nazo zilikuwa hesabu za ada ya shule. Kwa sababu hiyo habari za Kitereza zatuuma kuliko ziwaumavyo wengine. Yeye alingojewa na watu waliokuwa mbali. Mzee wetu alitungojea sisi.

Sasa twende njia ya pili. Hapana haja ya kueleza kwa urefu Julius Kambarage Nyerere alikuwa nani. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaiongoza nchi mpaka mwaka 1985, akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao. Twapenda tu kuwakumbusha mambo mawili ambayo watu huyapita mbio.

La kwanza, hakujijenga peke yake. Husimuliwa ya kwamba Mtemi Ihunyo, rafiki wa baba yake, alimwona yule mtoto akicheza bao, akastaajabia akili yake, akamwambia Mtemi Burito ampeleke shule. Mwaka 1934 akaingia Mwisenge, Musoma, na huko akamkuta Mwalimu James Irenge. Ni nani ajuaye leo nyumba ya Ihunyo? Na wale walimu wa darasa la kwanza ambao majina yao hayakuandikwa popote? Kijana wetu akitafuta wakubwa tu atawakosa hawa, na bila hawa wakubwa hawapo.

La pili, kiongozi huyu alikuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1955, alipoacha kazi ya kufundisha Pugu, alirudi kwao akamfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Maryknoll, na kumsaidia kufasiri katekisimu katika lugha hiyo. Mwaka 1963, nchi ikiwa changa na kazi zimejaa mezani, ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, ambayo aliisahihisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka ule ule wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Wasomaji, litazameni jina hilo. Mwingereza ataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aandika mabepari, tena wengi. Ilikuwa miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Wako wasemao kwamba hivyo si kufasiri. Sisi twaona alijua barabara alilokuwa akilitenda, nasi hatumlaumu, ingawa tusingependa kila mfasiri ajipe ruhusa hiyo.

Baada ya kuacha urais alirudi Butiama, akazitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi. Vikachapwa vitabu vitano na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Fikirini mtu wa umri ule, kahesabu mizani ubeti baada ya ubeti, Mzanaki wa bara akiushika utenzi, ambao ni mali ya watu wa pwani, wala asiombe radhi kwa mtu. Kijana wetu awaonea gere Lamu na Mombasa. Basi na ajue kwamba chombo chao kilifika mpaka Butiama, kikafanya kazi.

Na hapa nyumbani, katikati ya njia hizo mbili? Wazee Mturi na Sasora waliandika Historia ya Ikizu na Sizaki, nchi hii hii tunayoikanyaga. Humo katika masimulizi ya Waikizu yumo Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Usukuma, na Isamongo mwindaji mwenye moto. Maandiko yao, pamoja na ya wazee wengine wa pande hizi, yalikusanywa na bibi Jan Bender Shetler, Mmarekani aliyekaa kwetu Mara, yakachapwa mwaka 2003 na Brill wa Leiden, huko Uholanzi. Twashukuru sana. Lakini bei yake si ya mkulima wa mihogo, na mtoto wa Manyamanyama akitaka kusoma habari za mahali alipozaliwa, kitabu kiko mbali kuliko Mwanza.

Tulipokuwa tukiandika haya, mama mmoja alibisha mlangoni. Alikuwa amesikia kwa jirani juu ya barua ya yule kijana. Akaweka mezani madaftari mawili ya marehemu mumewe, yamefungwa kwa kitambaa cha kanga. Moja ni la nyimbo, nusu kwa Kisizaki na nusu kwa Kiswahili, na pembeni mwenyewe ameandika ni nani aliyeimba, na katika arusi ya nani. La pili hatujalisoma. Mwandiko ni mdogo sana, na wino umefifia. Mama hakutuachia. Alisema atakaa nayo, nasi tukanakili mbele yake, na jioni ataondoka nayo. Tuliona ana haki.

Tumeanza Jumamosi iliyopita. Yule kijana aliyetuandikia tulimwita, akaja na kalamu yake, naye ndiye mwenye macho mazuri kuliko sisi sote. Tumefika ukurasa wa kumi na mmoja. Katika wimbo wa nne ubeti wa mwisho umekatika, karatasi imechanika. Yaonekana bibi arusi alikuwa akiagana na ng'ombe wa baba yake. Ikiwa yuko msomaji, au mama wa msomaji, aujuaye ubeti huo, twamwomba aje Jumamosi baada ya saa nane.