Mgeni wa saa tano: Ngara na Biharamulo tumejipangaje?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema hivyo enzi ambazo mgeni alikuja kwa miguu, akalala na akala na wenyeji. Mgeni wa siku hizi hafiki hata siku ya pili. Anashuka, anatazama, anapiga picha, anaangalia saa yake, anaondoka. Swali ninalotaka tujiulize wakulima na wafanyabiashara wadogo wa wilaya za Ngara na Biharamulo ni moja tu: mgeni wa namna hiyo anatuachia nini?

Swali hili si la kupoteza muda. Mwaka 2019 mapori matatu ya akiba, yaani Biharamulo, Burigi na Kimisi, yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Mwananchi anayepakana na hifadhi haruhusiwi kuchunga wala kukata kuni humo, na tembo akitoka anakuja kwenye mihogo yake, si kwa mtu mwingine. Ana haki ya kuuliza faida yake iko wapi. Jibu analopewa kila mara ni utalii.

Mimi sina ugomvi na jibu hilo. Ninachosema ni kwamba utalii utakaofika kwetu kwa miaka mingi ijayo utakuwa zaidi wa siku moja, na biashara ya mgeni wa siku moja ina kanuni zake. Asiyezijua kanuni hizo atabaki kuhesabu magari yanayopita.

Tujifunze kwa watalii wa meli

Wanaozijua kanuni hizo kuliko wote ni watu wa miji ya bandari huko Ulaya, inayopokea meli kubwa za kitalii. Meli hizo hubeba watu kwa maelfu. Abiria analala melini, anakula melini, na kila asubuhi anaamkia bandari nyingine. Mjini anapewa mchana mmoja tu. Kwa hiyo mtalii makini hupanga siku yake kama mkulima anavyopanga msimu: anaanza na muda alionao, kisha anaondoa gharama.

Tuchukue mfano wa anayetaka kuiona Roma. Meli haifiki Roma. Inatia nanga Civitavecchia, umbali wa kilomita 70 na zaidi. Tuseme imefunga gati saa 1 asubuhi na itaondoka saa 12 jioni. Kwenye karatasi ana saa 11. Kushuka na kutoka bandarini kunakula saa moja. Safari ya kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri treni, inakula zaidi ya saa tatu. Mwenye busara anaweka akiba ya saa mbili, kwa sababu meli inataka abiria wawe ndani kabla ya muda wa kuondoka na haimsubiri aliyechelewa. Chakula cha mchana, saa nyingine. Kinachobaki ni kama saa nne. Mji wenye historia ya miaka zaidi ya 2,000 anauona kwa saa nne!

Wako wenye hali ngumu zaidi. Meli nyingi zinazotangaza kwamba zinapita Berlin hutia nanga Warnemünde, na kutoka hapo hadi Berlin ni karibu saa tatu kwa treni, na kurudi ni vivyo hivyo. Abiria anatumia muda mwingi barabarani kuliko mjini.

Katika hesabu hiyo kuna mafunzo matatu kwa mfanyabiashara.

La kwanza, mgeni wa siku moja haangalii kwanza bei, anaangalia saa. Aliye na saa nne hawezi kuona vitu kumi. Anachagua viwili au vitatu vilivyo karibu karibu, ambavyo ana hakika vitakuwa wazi atakapofika. Akikuta mlango umefungwa na kuambiwa mwenyewe ametoka kidogo, hasubiri. Pesa imeondoka naye.

La pili, mgeni huyu analipa zaidi kwa anayemhakikishia kurudi kwa wakati. Kampuni za meli huuza ziara zake zenyewe kwa bei ya juu kuliko ile ya mtu kujitafutia usafiri, na abiria hununua. Sababu yake ni kwamba basi la ziara ya meli likichelewa, meli hulisubiri. Aliyekwenda kivyake akichelewa, anaachwa. Kwa maneno mengine, kinachouzwa pale si safari bali ni uaminifu.

La tatu, mgeni wa siku moja asiyepangiwa anaweza kuwa hasara. Alilala na kula melini; mjini anaacha msongamano na takataka. Venice, mji mashuhuri wa Italia, ulichoka hali hiyo. Agosti 2021 meli kubwa zilizuiwa kupita katikati ya mji, na kuanzia Aprili 2024 mji ukaanza kumtoza euro 5 mgeni wa kutwa katika siku zenye watu wengi. Ikiwa Venice inajiuliza mgeni anaacha nini, sisi ni nani tusijiulize?

Rusumo ni bandari yetu

Msomaji atasema, hayo ni ya baharini, sisi huku tuna malori tu. Lakini ukitazama ramani utaona kwamba Ngara nayo ina bandari yake, nayo ni Rusumo. Hapo mto Kagera unaporomoka kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda. Hapo ndipo Mjerumani von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Hapo ndipo, mwishoni mwa Aprili 1994, walipovuka wakimbizi wanaokadiriwa kufikia 250,000 katika muda wa kama saa 24, wakaweka kambi Benaco. Mwaka 2016 lilizinduliwa daraja jipya pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani, na sasa upo mradi wa umeme wa megawati 80 unaohudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni sehemu chache vijijini zenye mambo mengi kiasi hicho mahali pamoja.

Sasa tumpangie siku mgeni anayetoka Kigali, kama mtalii wa meli anavyojipangia. Kigali hadi Rusumo ni kama saa tatu kwa gari. Akiondoka saa 12 asubuhi anafika saa 3. Lakini hiyo ni saa ya Rwanda. Kwetu ni saa 4, maana nchi hizi mbili zinapishana kwa saa moja. Hili si jambo dogo. Wako abiria wa meli walioachwa bandarini kwa sababu saa ya mkononi na saa ya meli hazikufanana. Anayempokea mgeni Rusumo lazima aseme wazi ni saa ya wapi.

Tumwekee saa moja ya shughuli za mpakani, tukifika saa 5 kwa saa yetu. Ili awe Kigali saa 12 jioni kwa saa ya huko, sharti aondoke Rusumo saa 10 alasiri kwa saa yetu. Anazo saa tano. Huyo ndiye mgeni wetu.

Saa tano hizo zinatosha kabisa. Saa 5 hadi saa 6, maporomoko na historia yake, akiongozwa na kijana anayeijua. Saa 6 hadi saa 8, shamba la migomba na kahawa katika kijiji cha jirani: achume, akoboe, atwange, akaange, anywe alichokikaanga, kisha ale ndizi na maharage zilizopikwa na kina mama wa hapo. Saa 8 hadi saa 9, wasusi wa vikapu, asali na ngoma. Saa ya mwisho ni ya akiba, kumrudisha mpakani bila haraka. Katika orodha hiyo hakuna hoteli ya nyota tano wala mwekezaji kutoka mbali. Karibu kila kitu tayari tunacho.

Wenzetu wameshafanya

Jambo hili si jipya nchini. Mto wa Mbu, wilayani Monduli, wako kwenye njia ya watalii waendao Ngorongoro na Serengeti. Wangeweza kuishia kupungia magari mikono. Badala yake walijipanga, wakawa wanawatembeza wageni kwa saa chache kwenye mashamba ya migomba, kwa wachongaji na wachoraji, na kuwaonjesha pombe ya ndizi. Materuni, juu ya mji wa Moshi, wanauza maporomoko na kahawa katika ziara ya siku moja. Zanzibar, wakulima wa Kizimbani na Kidichi huwapokea wageni wanaokuja kunusa na kuonja karafuu, mdalasini na iliki, kisha kurudi mjini siku hiyo hiyo. Ukitazama vizuri, Materuni wanauza kile kile tulichonacho Rusumo: maji yanayoporomoka na kahawa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme wamekuja wageni 8, kila mmoja amelipa Sh 15,000 kwa saa hizo, chakula ndani yake. Jumla ni Sh 120,000. Mama lishe wapate Sh 40,000, mwenye shamba Sh 30,000, kiongozi wa wageni Sh 20,000, usafi, maji na mawasiliano Sh 20,000, na mfuko wa kijiji Sh 10,000. Hapo hajanunua kikapu wala chupa ya asali. Sasa wewe mkulima linganisha Sh 30,000 hizo na bei ya mkungu wa ndizi shambani kwako wiki hii, ukikumbuka kwamba mgeni ameondoka na mkungu umebaki pale pale.

Biharamulo nako kuna nafasi yake. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Msafiri wa kutoka Mwanza aliyekuwa akipoteza muda kusubiri kivuko sasa amepata saa za ziada. Nani atakayezinunua saa hizo? Biharamulo ina boma la Wajerumani, ina asali, na iko mlangoni mwa hifadhi. Akikuta chakula safi, choo safi na asali iliyowekwa nembo, atasimama. Akikuta vumbi na chupa za asali zisizojulikana zimetoka wapi, atapitiliza.

Vikwazo vipo

Sitaki mtu adhani nasema pesa imelala barabarani. Kikwazo cha kwanza ni viza. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya watalii tangu mwaka 2014, na Tanzania haimo. Mzungu aliyeko Kigali akitaka kukanyaga Ngara kwa saa tano analipia viza nyingine, ya dola 50 kwa mataifa mengi. Hakuna atakayelipa dola 50 kutazama maji kwa saa moja. Nashauri wabunge wetu waidai serikali kibali cha kutwa kwa mgeni anayeingia na kutoka Rusumo siku hiyo hiyo. Hadi hapo, soko letu la kwanza ni raia wa Afrika Mashariki, ambao hawahitaji viza, pamoja na Watanzania wenzetu: wanafunzi, wafanyakazi wa miradi, wasafiri wa mabasi.

Kikwazo cha pili ni utaratibu. Daraja na mitambo ya umeme ni maeneo ya ulinzi, na mgeni hawezi kuachwa apige picha ovyo. Halmashauri ya Ngara itenge sehemu ya kutazamia iliyokubaliwa na vyombo vya usalama, iweke choo, maji na bango la bei. Vikundi visajiliwe, halafu viombe fedha ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani iliyowekwa kisheria kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi chenye ratiba ya saa tano na mgawanyo wa mapato ulioandikwa kina hoja kuliko kinachoomba mtaji wa biashara mbalimbali.

Kikwazo cha tatu ni sisi wenyewe. Tukimpandishia bei mgeni mara tatu kwa sababu ya rangi yake, tukimzonga, tukimchelewesha, hatarudi na atawaambia wenzake. Tukumbuke funzo la meli: kinachouzwa ni uaminifu.

Nimalizie kwa tahadhari. Machi 2020 meli za kitalii zilisimama duniani kote kwa sababu ya korona, na watu wa bandari walioishi kwa mgeni pekee walibaki mikono mitupu. Kwa hiyo asije mtu akang'oa kahawa ili ajenge banda la wageni. Mgeni ni zao la ziada, la kupandwa katikati ya mistari kama maharage kwenye migomba. Migomba ikibaki, hata mgeni asipokuja, mwenye shamba atakula.

Wahenga hao hao walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji anayepona ni yule aliyefagia uwanja mapema, akajua mgeni anafika saa ngapi na anaondoka saa ngapi. Vikundi vya Ngara na Biharamulo vianze msimu huu huu, kwa kuandika ratiba ya saa tano na kuipeleka kwa afisa biashara wa wilaya.