Mercedes E ya okazio: bei inashuka, freni je?

Ukionyeshwa Mercedes E ya okazio hapa Bukavu, viti vya ngozi vinang'aa, bei karibu sawa na ya Toyota ndogo, jiulize kwanza sababu gani mwenyewe anaiacha. Mara nyingi kuitengeneza kunapita bei yake.

Chukua ile aina ya W211, iliyoanza 2002. Nyingi za mbele ya 2006 ziko na freni za umeme, SBC. Mguu unatuma habari tu. Pompe ndiyo inasukuma mafuta ya freni, tena inahesabu kila mara unapokanyaga. Hesabu ikiisha, taa nyekundu inawaka. Pompe ikikufa kabisa, pedali inazama na magurudumu ya mbele peke yake ndiyo yanafunga. Fikiria hiyo kwenye mteremko wa Kadutu, watoto wako nyuma. Kiwanda chenyewe kiliacha mfumo huo kwenye Mercedes E 2006.

Komisioneri atakuambia taa imezimika, hakuna shida. Kumbe hesabu inaweza kurudishwa na kompyuta, pompe ikabaki ile ile ya zamani! Kwa hiyo makanika wa jirani hatoshi. Tafuta mwenye kompyuta inayosoma Mercedes, na uombe faktire ya pompe.

Kama iko na amortiseri za hewa, iache ilale usiku mzima. Asubuhi ukikuta kona moja imeshuka, hewa inatoroka.

Mimi ningeuliza tena: pompe nyingine itatoka wapi, na nani ataifunga? Ukikosa jibu, weka pesa mfukoni.