Tumeona Nini?

Ndugu wanafunzi, kila mara ndege ikipita juu ya shule, tunakimbilia dirisha. Mimi mwenyewe, mwenye kuandika majina ya wapiga kelele, nakimbilia pia. Halafu ndege imekwisha kwenda. Tumeona nini? Bure.

Mwaka 2011, nyumba ya makumbusho ya ndege kule Washington, Marekani, ilitundika picha kubwa za Jeffrey Milstein. Bwana huyu alisimama karibu na uwanja wa ndege wa Los Angeles, akavizia ndege zikishuka, akazipiga picha toka chini. Tumbo, magurudumu, mabawa: yote wazi.

Mutu atauliza: makumbusho ile iko na ndege yenyewe ya ndugu Wright ya 1903, picha ni za nini? Mimi nasema ni za lazima. Ndege inayoshuka haingojei mutu. Picha inaisimamisha, kusudi jicho lijifunze.

Hapa hatuna makumbusho, lakini tuko na penseli na somo la fizika. Ndege ikipita tena, tuangalie sawasawa, kisha tuchore bawa lake. Tusipofanya hivyo, siku zote wengine watatengeneza ndege, na sisi tutazipungia mikono tu.

Mukubwa wa wanafunzi, mwaka wa 6