Njia Halali si Lazima Iwe Dawa

Mwaka 1997, huko Boston, Marekani, Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao walitangaza kuwa wameona katika damu ya mtu mzima seli tangulizi zinazoweza kugeuka kuwa utando wa ndani wa mishipa ya damu. Hadi hapo wataalamu walishikilia kwamba mishipa ya mtu mzima huchipua kutoka ile iliyokwisha kuwapo tu. Kujengwa upya kutokana na seli tangulizi kulidhaniwa ni kazi ya tumboni mwa mama. Matumaini yakapanda. Moyo ambao mishipa yake imeziba, mguu wa mgonjwa wa kisukari unaokaribia kukatwa, vyote vingetibiwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, zilizotolewa katika uboho wake.

Sisi Wakatoliki tulishangilia kwa sababu moja zaidi: hapa hakuna kiinitete kinachoangamizwa. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 inakubali seli zichukuliwazo kwa mtu mzima pasipo kumletea madhara makubwa, na zile za damu ya kitovu mtoto anapozaliwa. Msimamo huo ni sahihi, nasi tunausimamia. Lakini tukiri: wengine wetu tulitoka hapo tukahubiri kana kwamba njia ikiwa halali, basi na dawa inaponya. Hayo ni mambo mawili.

Nyingi za seli zile za mwanzo zilibainika baadaye kuwa jamaa ya chembe nyeupe za kinga. Husaidia kwa kutoa kemikali zinazochochea ukarabati, lakini zenyewe haziwi ukuta wa mshipa. Zinazojenga kweli ni haba mno katika damu ya mtu mzima. Jaribio la BAMI la Ulaya, lililokusudia kuandikisha wagonjwa 3,000 wa shambulio la moyo ili kupima tiba ya seli za uboho, liliishia na 375, na matokeo yake ya mwaka 2020 hayakuweza kuthibitisha kwamba tiba hiyo hupunguza vifo. (Upandikizaji wa uboho kwa saratani ya damu ni habari nyingine, huo umethibitika.)

Hata hivyo zipo kliniki, katika nchi mbalimbali, zinazouza sindano za seli shina kwa watu waliokata tamaa. Hatumlaumu mgonjwa anayeuza shamba ili aokoe mguu wake. Wa kuulizwa ni muuzaji: wamepona wangapi, nani amekukagua, na ikiwa hili bado ni jaribio, mbona mgonjwa ndiye anayelilipia?