Ushuhuda na keki shavuni

KIBARAZANI na Mama Siku

Bibi harusi alikuwa hajameza keki. Hilo liandikwe kabla ya yote, maana kwenye kundi la familia nimeshaanza kusoma toleo jingine la habari hii. Keki ilikuwa bado shavuni, MC alikuwa bado anahesabu moja mpaka tatu, mpiga picha akamsogezea binti wa watu kipaza sauti: “Waambie watazamaji wetu, umeridhika kiasi gani na huduma yetu?”

Huduma ipi? Picha zenyewe zilikuwa bado ndani ya kamera. Albamu haijachapwa, video haijahaririwa, na salio la malipo yake lilikuwa kwenye pochi ya mhazina, meza ya pili kutoka kwangu. Binti akatafuna harakaharaka, akasema “nzuri sana,” ukumbi ukapiga makofi, na kabla ndafu haijaingia ushuhuda ulikuwa umesharushwa mtandaoni.

Ilikuwa Sinza, Jumamosi, na hasira haijanitoka.

Walikuwa vijana watatu, fulana nyeusi, mgongoni namba ya simu kwa tarakimu ambazo hata shemeji yangu wa Tabata alizisoma bila miwani. Mama wa bwana harusi alipoinuka kumfunika mkwewe kitenge, sisi wa meza za nyuma tuliona namba ya simu. Wazazi walipokumbatiana, namba ya simu. Kwenye foleni ya zawadi mmoja wao alisimama mwisho wa mstari akitangaza kwamba anayetaka picha yake na maharusi aufuate kwanza ukurasa wao. Shangazi yangu, mtu wa kitochi, aliulizwa kama hana mjukuu wa kumsaidia kufuata.

Yote hayo ningeyameza. La bibi halimezeki. Bibi mzaa mama alitoka Usangi kwa basi, akavaa gauni lililoshonwa kwa ajili ya siku hiyo, akakaa kwenye kiti karibu na mlango huku mkoba ukiwa mapajani, akisubiri waite picha ya ukoo. Ukoo wa mama haukuitwa. Vijana walikuwa nje na maharusi, wakiwapiga pozi la gari kwa ajili ya ukurasa.

Nilimfuata mkubwa wao kwenye foleni ya chakula. Nikamwambia, mwanangu, kizuri chajiuza. Akanijibu bila hata kuweka sahani chini: “Siku hizi kizuri nacho kinajitembeza, mama. Biashara ni kusemwa.” Jibu zuri, siwezi kumnyima. Kijana ana mdomo. Na mdomo huo najua alikoupata: semina za ujasiriamali. Mtu anakaa kwenye hoteli siku nzima anafundishwa kukusanya ushuhuda, halafu hakuna anayemfundisha kuuliza, “Bibi yuko wapi?”

Anasemwa wapi, lakini? Kazi ya harusi katika jiji hili inagawiwa kwenye kikao cha kamati, Jumapili jioni, viti vya plastiki, soda zimepanda bei, mwenyekiti amefika kipengele cha picha na video. “Nani ana mtu?” Mmoja anataja jina. Halafu mama mmoja wa pembeni, ambaye hajafungua kinywa tangu ahadi zisomwe, anasema: “Huyo? Albamu ya mdogo wangu mpaka leo hatujaiona, na mtoto anatambaa.” Kwisha. Hapo uwe na wafuasi laki moja au milioni, katibu anakata jina na kotesheni yako haifunguliwi. Anayepewa kazi ni yule ambaye mama mwingine atasema aliileta siku aliyoahidi, na zaidi ya hapo alimkalisha mama yake mzazi pembeni, akamrekebisha kilemba, akampiga picha moja ya peke yake. Picha hiyo sasa iko sebuleni juu ya televisheni, na kila mgeni anauliza nani alipiga. Siku ya msiba ndiyo itakayowekwa juu ya jeneza, maana wazee wetu wengi hawana picha nyingine nzuri zaidi ya za harusi za wajukuu. Mpiga picha mwenye akili anajua hilo. Hawa wa fulana nyeusi walimwacha bibi mlangoni.

Wenzetu wa Unguja na Mombasa wanatushangaa. Kwenye usiku wa wanawake kule simu zinawekwa kando, mpiga picha ni mwanamke mwenzao, na sifa yake yote ni kwamba picha zake hazionekani popote isipokuwa kwa mwenyewe. Ikivuja moja tu ya dada aliyefungua nywele, ahamie bara. Anapata kazi mtaa mzima kwa kunyamaza. Huku kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na bado sura ya shangazi yangu inauza biashara ya mtu asiyemjua hata jina. Na huko huko Unguja, mpiga picha Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe mwaka 1930, mwanawe Rohit akairithi, na sidhani kama kuna bibi harusi aliyewahi kuhojiwa mle huku halua iko mdomoni.

Mama wa bibi harusi alipiga simu juzi kuulizia albamu. Aliambiwa avute subira, wana msimu mzito, ila kama hatajali awarekodie sauti fupi ya kuwashukuru.

Binti wa shemeji wa Tabata naye amevishwa pete, kamati imeundwa, na kotesheni ya kwanza imeingia: kurasa za rangi, namba ya simu kila ukurasa. Imepokelewa na katibu. Katibu ni mimi.