Kiinua mgongo si mtaji wa kujaribia

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifikisha umri wa miaka 55, na analazimika kuondoka akifikisha 60. Katika miaka hiyo mitano ya katikati ndimo wengi wanamoamua kuaga mapema. Baadhi wamechoka, baadhi wanaugua, na wengine wanavutwa na fedha za mkupuo ambazo wanaona zimelala mahali pasipozaa. Hoja yao ni kwamba afadhali kuzichukua wakati nguvu bado zipo, zikafanye biashara.

Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Fedha za kustaafu mapema zinachukuliwa kuwa mtaji, wakati kazi yake ya kwanza ni kuwa mshahara. Mtu anayeaga akiwa na miaka 55 anaweza kuishi miaka 25 mingine au zaidi, na katika muda wote huo hakuna mwajiri wa kumfidia hasara. Mfanyabiashara wa miaka 30 akianguka huanza upya. Mstaafu akianguka huwaangukia watoto wake, nao wana watoto wao.

GHARAMA YA KUAGA MAPEMA

Kabla ya kuandika barua, mtumishi afanye hesabu ya anachokiacha. Kwa kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022, kila mwezi wa utumishi huhesabiwa kuwa sehemu 1 ya 580 ya mshahara wa mwaka. Miaka mitano ni miezi 60. Sehemu 60 za 580 ni kiasi cha asilimia 10 ya mshahara wa mwaka, na ndicho kinachokosekana kwenye pensheni ya kila mwaka, kabla ya kukatwa fungu la mkupuo. Hapo nyongeza za mshahara ambazo zingeinua hesabu yote bado hazijatajwa, wala mishahara yenyewe ya miaka hiyo mitano.

Mkupuo nao una historia ya kelele. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa, ukazaliwa mfuko wa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma. Kanuni za mwaka huo ziliweka mkupuo wa asilimia 25, malalamiko yakawa makubwa, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akaagiza kanuni hizo zisitishwe. Julai 2022 mkupuo ukawekwa kuwa asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakilipwa nusu, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakilipwa robo.

Katika mabishano hayo yote, fungu la pili lilitajwa kwa nadra. Ni lile linaloingia kila mwezi mpaka mstaafu anafariki. Mwenye jasho lake ana haki ya kudai apewe vyote kwa mkono mmoja. Lakini kwa maisha ya kila siku, fungu dogo la kila mwezi ndilo linalonunua unga, na halikopesheki kwa shemeji wala halitumbukizwi kwenye gari bovu. Mstaafu mwenye busara angeufanya hata mkupuo wake ufanane na fungu hilo.

MAFUNGU MATATU

Mfano ni mstaafu aliyepokea shilingi milioni 60, akiwa na nyumba yake na hana deni. Kama ana deni, la benki au la SACCOS, hilo ndilo la kulipwa kwanza, maana ni shida kupata faida halali inayoizidi riba ya mkopo.

Fungu la kwanza, milioni 6, ni la mwaka mmoja wa matumizi na dharura. Mahali pake ni akaunti ya benki, au mfuko wa pamoja unaoruhusu fedha kutolewa kwa siku chache, kama ule wa Ukwasi unaosimamiwa na UTT AMIS.

Fungu la pili, milioni 40, ni la mshahara. Benki Kuu huuza hatifungani za Serikali kwa mnada, kuanzia shilingi milioni 1, za muda mfupi wa miaka miwili hadi muda mrefu wa miaka 25. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa Aprili 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Aliyeweka milioni 40 humo anapata shilingi 6,380,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56, na aliyeingia wakati huo anapata shilingi 5,024,000. Fedha ni zile zile, muda ni ule ule, lakini tofauti ni shilingi 1,356,000 kila mwaka kwa sababu ya mwezi wa kununua tu.

Funzo lake ni kwamba fungu hili lisiingizwe lote siku moja. Likigawanywa kwa minada minne au mitano, na kwa muda tofauti, mstaafu atapata wastani wa soko badala ya bahati ya siku. Tena malipo yatamfikia katika miezi tofauti, si Juni na Desemba peke yake.

Kuna tahadhari mbili. Anayelazimika kuuza hatifungani kabla ya muda wake hupitia kwa dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na bei haiko mikononi mwake. Zikitoka mpya zenye riba kubwa zaidi, ile ya zamani hushuka thamani. Kwa hiyo fedha za ada ya shule ya mwakani si za kuweka kwenye karatasi ya miaka 25.

Tahadhari ya pili ni mfumuko wa bei. Riba ya hatifungani haipandi, bei za dukani zinapanda. Hata kwa mfumuko wa asilimia 4 tu kwa mwaka, bei huwa maradufu baada ya miaka 18 hivi. Mstaafu wa miaka 55 atakuwa na miaka 73, na malipo yale yale yatanunua nusu ya kapu. Waliopunguzwa kazini katika miaka ya 1990 walionja jambo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulizidi asilimia 30, na mafao yaliyowekwa kwenye akaunti ya kawaida yaliyeyuka huku mwenyewe akiangalia kitabu chake cha benki. Kwa sababu hiyo, sehemu ya riba irudishwe kununua vipande au hisa. Soko la Hisa lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, na Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005. Bei zake hupanda na kushuka, lakini kwa mwenye subira ya miaka kumi ni mahali panapoweza kukimbizana na bei za sokoni.

Fungu la tatu, milioni 14, ndilo la biashara. Hilo likipotea lote, inauma, lakini sufuria inabaki jikoni.

BIASHARA ZINAZOMEZA

Mstaafu mpya hupendelea biashara nne. Ya kwanza ni gari la abiria. Dereva anapeleka hesabu kila jioni na mwenye gari anaona fedha taslimu, hivyo anadhani ni faida. Hajatoa matairi, bima, matengenezo, faini, na siku gari lilipolala gereji. Zaidi ya hayo, gari lenyewe linachakaa, na hesabu ya jioni ni kipande cha gari kinachorudi kidogo kidogo.

Ya pili ni fremu ya duka. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au mwaka, na aliyemo anataka kilemba. Fedha zinakwisha kabla rafu hazijajaa. Baada ya hapo familia inachukua sukari na sabuni bila kuandika, na mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya tatu ni kuku. Wa nyama hukomaa kwa wiki tano au sita tu, jambo linalovutia, ila chakula ndicho kinachobeba gharama kubwa, na banda likipigwa na mdondo linaweza kumalizika kwa siku chache. Anayetaka afuge 100 kwanza, apoteze kwa kiwango cha 100, ajifunze kwa kiwango cha 100.

Ya nne ni nafaka: kununua mahindi au mpunga wakati wa mavuno na kusubiri bei ipande mwanzoni mwa mwaka. Hii ina mantiki, na wafanyabiashara wa nafaka wanaiishi. Lakini wao wana ghala, wanajua kupima unyevu, wanamwogopa dumuzi, na wana mtu Mbeya au Sumbawanga wa kuwapigia simu. Mstaafu anayeingia kwa kusikia tu ndiye anayewauzia wenzake bei nzuri.

Kinachozidi hizo kwa hatari ni faida ya kuahidiwa. Mwaka 2009 Serikali iliizuia DECI, ambako watu wengi walikuwa "wakipanda mbegu" kwa kutarajia mavuno maradufu. Majina yamebadilika tangu wakati huo na sasa ahadi hupita kwenye simu, lakini mchezo ni ule ule: anayevuna leo analipwa na anayepanda leo. Mwenye fedha za mkupuo ndiye anayetafutwa zaidi.

SAA NANE ZA KILA SIKU

Kustaafu mapema kunaleta pia muda, na muda una bei. Mtu aliyekuwa akikaa ofisini saa nane kwa siku sasa yuko nyumbani, na kila anayepita anajua kwamba amelipwa. Ndugu wanakuja na mipango, michango ya harusi inaongezeka, watoto wakubwa wanarudi na mawazo ya biashara. Kukataa kila kitu ni ukatili, na kukubali kila kitu ni kufilisika. Njia inayofaa ni fungu la mwezi la kusaidia, linalojulikana na mume na mke. Likikwisha tarehe 12, jibu ni mwezi ujao.

Mwenzi wa ndoa aijue hesabu yote. Nyumba nyingi zimeendeshwa kwa miaka na biashara ndogo ya mama, na si busara mstaafu afike na mamilioni akaipuuza, au akaivamia na kuwa meneja wake. Mara nyingi ndiyo biashara pekee katika nyumba hiyo ambayo imeshathibitika kwamba inalipa.

Na miezi sita ya mwanzo isinunue chochote kikubwa. Mstaafu ajilipe kwa wiki, aandike matumizi, alime kabustani, apime afya, akae na wafanyabiashara na kuuliza. Atakayeweza kuishi miezi sita kwa fungu alilojipangia, ameshajua mshahara wake mpya ni kiasi gani.

MFANYABIASHARA NAYE ATASTAAFU

Mwenye duka Kariakoo anaweza kusoma haya akacheka, kwa kuwa hana kikokotoo wala barua ya kuandika. Lakini yeye ana hatari ile ile iliyogeuzwa. Mali yake yote iko rafuni, na siku magoti yakikataa hakuna wa kumlipa kila mwezi. Asipokuwa amechangia kwa hiari NSSF, au kununua vipande na hatifungani kutokana na faida ya miaka mizuri, kustaafu kwake kutakuwa ni kuuza mzigo kwa bei ya kutupa, au kumkabidhi mtoto asiyependa duka.

Mtumishi anafundishwa asigeuze mshahara wote kuwa mtaji. Mfanyabiashara afundishwe asiache mtaji wote ubaki mtaji. Kila mwaka wa faida, kiasi fulani kitoke dukani na kisirudi. Anayetaka kupumzika akiwa na miaka 50 aanze kukitoa akiwa na 35, wakati bado anaona hakihitajiki.